Dawa ya deni kulipa, lakini deni la mtalaka?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WASWAHILI walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kumtafuta aliyewahi kulala kitanda kimoja na mdaiwa, kumkunja shati na kumwambia alipe yeye kwa kuwa mdaiwa mwenyewe haonekani. Hayo yamesemwa na Marekani, taifa kubwa, mwalimu mkuu wa haki za binadamu na utawala bora duniani, na yapo katika sheria yake ya kodi tangu mwaka 1938.

Najua wapo watakaoguna. Watasema ndugu mwandishi, ajira hakuna, nauli inatushinda, umeme ndio kama unavyouona, halafu wewe unatuletea kodi za Wamarekani? Subirini kidogo, waungwana. Pita kijiwe chochote cha Kinondoni, Temeke au Buguruni, uliza vijana kumi ni wangapi hawana ndoto ya majuu. Hata milango ya viza ibanwe vipi, ndoto haibanwi. Na uliza tena ni wangapi wana kaka, dada, binamu au mshikaji aliyeko Houston, Dallas, Seattle au Minneapolis anabeba boksi usiku na mchana, na fedha anazotuma ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na ada ya wadogo zake hapa Bongo. Boksi hilo likikamatwa na mtoza kodi wa Marekani kwa deni la mke aliyeachana naye, njaa itapigwa hapa hapa Buguruni. Kwa hiyo sikilizeni.

Mambo yako hivi. Mamlaka ya Mapato ya Marekani, inayojulikana kwa herufi tatu za IRS, huwataka wananchi na wakazi kuwasilisha ritani ya kodi kila mwaka. Watu walio katika ndoa wana njia mbili: kila mmoja awasilishe ya kwake, au wawasilishe moja ya pamoja na wote wawili watie sahihi. Sheria imepangwa kwa ujanja. Anayewasilisha peke yake akiwa bado ana ndoa hunyimwa nafuu kadhaa ambazo wenye ritani ya pamoja hupewa, zikiwemo nafuu za masomo. Basi wengi huwasilisha ya pamoja. Tangu mwaka 1948, sheria ilipowaruhusu wanandoa kuhesabiwa mapato yao kana kwamba wamegawana nusu kwa nusu, ritani ya pamoja imekuwa ndiyo desturi ya nchi.

Na mtego umo ndani ya ile sahihi. Ukishatia sahihi ritani ya pamoja, kila mmoja wenu anadaiwa kodi yote. Nasema yote, wala si nusu, wala si kwa kadiri ya ulichochuma. Kama mwenzako alikuwa na biashara ya pembeni akaficha mapato, kama alitia gharama za uongo, kama aliahidi kulipa na hakulipa, serikali ina hiari ya kumfuata yeye, au kukufuata wewe, au kuwafuata wote. Na mtoza kodi, kama mtoza kodi yeyote duniani, humfuata yule aliye rahisi kukamatika: mwenye mshahara unaopita benki, mwenye anwani moja, asiyejua kukimbia.

Unaweza kujitetea kwamba mmeachana na hakimu aliandika katika talaka kwamba madeni yote ya kodi ni ya mwenzako. Pole sana. IRS haikuwa mmoja wa wadaawa katika kesi ile ya talaka, na karatasi ya hakimu haiifungi. Utalipa, halafu ukitaka ukamshitaki mtalaka wako akurudishie. Kama unajua aliko. Kama ana kitu.

Jamani, hii ni nini kama si uonevu uliovikwa koti na tai?

Hebu tumchukue kijana wetu mmoja, wa kuwaza tu. Amefika majuu, anafanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala. Amependa, ameoa, ndoa halali. (Sizungumzii ndoa za uongo za kununua makaratasi. Hizo ni kosa la jinai kule, na anayeziingia anajua anachokitafuta.) Kwa kuwa ndoa yake haijatimiza miaka miwili, anapewa ukazi wa masharti, na baada ya muda atatakiwa kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli. Ushahidi unaopendwa na maofisa wa uhamiaji ni upi? Akaunti ya benki ya pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, na ritani ya kodi ya pamoja. Hapo kijana hana ubavu wa kusema kila mtu abebe mzigo wake. Anatia sahihi. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mke ana saluni na analipwa taslimu. Ritani inaandaliwa na jamaa fulani wa mtaani anayejisifu kwamba ana mkono wa bahati, kila mteja wake anapata marejesho makubwa. Hao wapo, na IRS yenyewe huwaita waandaaji mizimu kwa sababu wanaandaa ritani na hawaweki jina lao popote. Marejesho yanakuja, wanakula pamoja au anakula mmoja. Miaka inapita, ndoa inavunjika, kila mtu na njia yake. Siku moja barua inafika kwa kijana: kodi ya miaka ile mitatu, ongeza adhabu, ongeza riba inayokua kila siku. Hajibu kwa kuwa haelewi. Mshahara unakamatwa kabla haujafika mkononi. Marejesho yake ya mwaka huu yanamezwa. Kama amekwisha kuwa raia na deni limevuka kiwango kilichowekwa, ambacho sheria ya mwaka 2015 ilikianzisha kwa dola 50,000 na ambacho hupanda kufuatana na gharama za maisha, hata pasipoti anaweza kunyimwa. Mama akifariki huku nyumbani, hasafiri kuja kuzika.

Yote hayo kwa fedha za saluni ambazo hakuziona.

Nisije nikaambiwa ninawachafua Wamarekani bila kusema walichokirekebisha. Wamerekebisha, lakini ilichukua muda na ilichukua kelele. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile iliamua mwaka 1961 kwamba hata fedha za wizi ni mapato na zinatozwa kodi. Uamuzi wa haki kabisa kwa mwizi. Lakini mwizi mwenye mke aliyetia sahihi naye je? Miaka ile ya sitini zilizuka kesi ambamo mume ameiba, mke hajui, mume ametoweka au amefungwa, na serikali inamdai mke kodi ya wizi. Majaji wenyewe waliona aibu lakini wakasema mikono yao imefungwa na sheria, waende bungeni. Ndipo Januari 1971 ikapitishwa sheria ya kwanza ya kumwokoa mwenza asiye na hatia.

Mlango uliofunguliwa ulikuwa wa panya. Ilibidi mapato yaliyofichwa yazidi robo ya mapato yaliyotajwa katika ritani. Tafsiri yake ni kwamba kama mumeo amekuficha kidogo, ulipe. Akikuficha sana, uonewe huruma! Mwaka 1984 wakaparekebisha hapa na pale, mlango ukabaki wa panya.

Kilichobomoa ukuta ni bunge lililoamua kuwa bunge. Septemba 1997 Kamati ya Fedha ya Seneti, chini ya mwenyekiti wake Seneta William Roth wa Delaware, iliita watu waje waseme hadharani walivyotendwa na watoza kodi. Kamera zikawashwa. Maofisa wa IRS nao waliitwa wakajieleza. Februari 1998 ikawa zamu ya watalaka: wanawake waliosimama na kueleza jinsi walivyofuatwa mwaka baada ya mwaka kwa madeni ya wanaume ambao wameoa tena na wanatembea huru. Julai mwaka huo Seneti ilipitisha sheria ya kuipanga upya IRS kwa kura 96 dhidi ya 2, na tarehe 22 Julai 1998 Rais Bill Clinton akaitia sahihi.

Ndugu msomaji, soma tena aya hiyo taratibu. Wabunge wa chama tawala na wa upinzani, kura 96 kwa 2, wakiiambia taasisi ya kodi ya nchi yao: mmezidi. Halafu kumbuka mara ya mwisho uliposikia bunge lako likisema hivyo kwa pamoja. Naendelea.

Sheria ya 1998 ilifungua milango mitatu, na mwenye ndugu kule ni vizuri aijue.

Wa kwanza ni wa mwenza asiye na hatia. Unathibitisha kwamba kodi iliandikwa pungufu kwa kosa la mwenzako, kwamba wakati unatia sahihi hukujua wala hukuwa na sababu ya kujua, na kwamba kukudai wewe si haki. Hayo maneno "sababu ya kujua" ndiyo yaliyowazamisha wengi. Ofisa anauliza: Mlikuwa na gari jipya? Mlikwenda likizo? Umesoma hadi wapi? Nani alikuwa akifungua barua za benki? Ukionekana uliishi maisha yasiyolingana na mapato yaliyoandikwa, utaambiwa ulipaswa kustuka.

Wa pili ni wa kugawa deni. Huu ni kwa ambao wameachana, wametengana kisheria, wamefiwa, au hawajaishi nyumba moja kwa miezi 12. Deni lililotokana na kuandika pungufu linapasuliwa, kila mtu abebe kilichotokana na mapato yake. Hapa hawaulizi ulipaswa kujua. Serikali inatakiwa kuonyesha kwamba ulijua hasa. Ni mlango wenye akili kuliko wote, na swali langu ni hili: kama inawezekana kupasua deni baada ya talaka, kwa nini lisipasuliwe tangu mwanzo?

Wa tatu ni wa haki na huruma, kwa wale ambao milango miwili ya kwanza imewakatalia. Ndio pekee unaosaidia pale ambapo kodi iliandikwa sawasawa katika ritani lakini haikulipwa, mume alisema "nitalipa mimi" akaenda kunywea. Kesi za namna hiyo ni nyingi mno, kwa kuwa mlevi naye anajua kujaza fomu.

Milango yote mitatu inabishwa kwa fomu moja, namba 8857. Kuna nyingine, namba 8379, ambayo watu huichanganya na hiyo. Hiyo ya pili ni ya mtu ambaye marejesho ya pamoja yamekamatwa kulipa deni la mwenzake peke yake, kwa mfano matunzo ya mtoto wa nje au mkopo wa chuo, naye anadai kipande chake. Ni kitu tofauti kabisa.

Sasa tuone walivyochezea mlango wa tatu, maana hapa ndipo utakapomjua mtoza kodi ni nani. Bunge lilipoandika sheria liliweka kikomo cha miaka miwili kwa milango miwili ya kwanza: ukishaanza kudaiwa kwa vitendo, una miaka miwili ya kuomba, ikipita basi. Kwa mlango wa tatu bunge halikuandika kikomo hicho. IRS wakakaa ofisini kwao, wakatunga kanuni, wakakiweka wenyewe. Miaka miwili! Mtu aliyekuwa akipigwa na kufichwa barua, mtu ambaye mumewe ndiye aliyekuwa akipokea kila notisi na kuichana, aliambiwa umechelewa.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye mumewe, daktari wa meno, alifungwa kwa kuiibia bima ya afya ya serikali. IRS ikawadai wote wawili zaidi ya dola 900,000. Notisi ilipokuja, mume alisema atashughulikia fomu yeye. Akafa bila kuituma. Mama alipokuja kuomba mwenyewe, akajibiwa kwamba miaka miwili imepita. Mwaka 2009 Mahakama ya Kodi ilimpa haki, ikasema kanuni ile haina mguu katika sheria. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikamnyang'anya, ikasema IRS wana mamlaka ya kuweka kikomo. Angalieni basi: mtu hajaiba, hajui wizi, mwizi amekufa, na serikali tajiri kuliko zote duniani inang'ang'ania sketi ya mjane.

Kelele zikapigwa upya. Maseneta na wabunge wakaandika barua, watetezi wa walipa kodi wakapaza sauti, na Julai 2011 IRS wakaufyata, wakakiondoa kikomo kwa mlango wa tatu. Sasa unaweza kuomba muda wote ambao serikali bado ina haki ya kukudai deni hilo, ambao kwa kawaida ni miaka 10 tangu kodi ilipokadiriwa. Mwaka 2013 wakatoa mwongozo mpya unaoupa uzito zaidi ukweli kwamba mtu alipigwa, alitishwa au alinyimwa kuona fedha za nyumba yake. Kwamba mtu wa aina hiyo hata kama aliona kitu kisicho sawa, hakuwa na ubavu wa kuhoji. Mwaka 2019 bunge likaandika muda huo katika sheria yenyewe ili mtu asije akabadili mawazo.

Lakini mwaka huo huo wa 2019 walichotoa kwa mkono wa kulia walichukua kipande kwa mkono wa kushoto. Sheria ile ile ilisema Mahakama ya Kodi, inaposikiliza rufaa ya aliyekataliwa, itazame kumbukumbu zilizomo katika faili la IRS, pamoja na ushahidi mpya tu au ule ambao haukuwa umepatikana kabla. Kwa maneno mengine, alichokiandika mbeba boksi peke yake usiku, kwa Kiingereza cha kubabaisha, bila mwanasheria, ndicho kitakachombeba au kumzamisha mbele ya jaji miaka miwili baadaye. Wenye mawakili wa bei mbaya hawakuathirika. Sheria za namna hii huwa zina macho, zinamwona mnyonge aliko.

Na kuna hili la mtalaka kuarifiwa. Ukishaomba, IRS ni lazima wamwandikie mwenzako wa zamani kwamba umeomba, na kumpa nafasi ya kusema lake. Hakuna msamaha, hata kama alikuvunja mkono. Wanaahidi kwamba hawatampa anwani yako mpya wala jina la mwajiri wako. Sawa, lakini mwanamke aliyekimbia kipigo usiku na mtoto mgongoni anapoambiwa kwamba yule bwana atapelekewa barua yenye habari zake, wangapi watakunja fomu na kuamua kulipa deni lisilo lao? Naelewa kwamba na upande wa pili una haki ya kusikilizwa. Mimi mwenyewe ningetaka kusikilizwa. Ila nchi inayoweza kupeleka chombo mwezini haishindwi kubuni njia ya kumuuliza mtu maswali ya hesabu bila kumfufulia hasira zake.

Huko Texas, California, Arizona, Washington na majimbo mengine matano mambo yana ncha ya ziada. Ni majimbo ambayo mali na mapato ya ndoa ni ya wote nusu kwa nusu kwa sheria ya jimbo. Huko hata ukiwasilisha ritani yako peke yako, nusu ya mapato ya mwenzako inaweza kuhesabiwa kuwa yako, na unafuu wake una taratibu zake. Na Watanzania, Wakenya na Wakongo waliojaa Texas wanajua barabara zake zote kwa majina, lakini hili wengi hawalijui.

Sasa nigeukie wanaume wenzangu, maana gazeti hili husomwa na sisi vijana wa kiume. Najua mnachokiwaza: hayo ni mambo ya akina mama. Kweli, wanaoomba unafuu huo wengi wao ni wanawake. Sababu ni kwamba wanaoficha fedha wengi wao ni sisi! Ni sisi tunaoweka karatasi mezani na kusema "weka sahihi hapa mama watoto, ni mambo ya ofisi," na mama watoto anaweka huku anakoroga uji. Ni sisi tunaokopa kwa jina la nyumba, tunaofungua biashara pembeni, na tunaohama na kuacha barua zinamfuata aliyebaki na watoto. Halafu tukikaa kijiweni tunalalamika kwamba vigogo wanakula na kutuachia madeni ya taifa. Kigogo amejifunzia wapi? Amejifunzia nyumbani.

Pamoja na hayo, sheria ile ya Marekani haitaji mke wala mume, inataja mwenza. Mwanamume aliyetia sahihi anakamatwa vile vile, na anapofika mbele ya ofisa kueleza kwamba mkewe ndiye aliyeshika fedha zote na yeye alikuwa hajui, anatazamwa kama kichekesho. Vijana wetu walioolewa na makaratasi, kama wanavyosema wenyewe, wanakijua kichekesho hicho.

Na hapa kwetu je? Hapa nitawashangaza wale waliozoea kuona gazeti hili likiponda kila kitu. Katika jambo hili sheria ya Tanzania ina msingi mzuri kuliko ya Marekani. Waingereza waliotutawala walikuwa wakihesabu mapato ya mke kuwa ni ya mume hadi Aprili 1990 walipoona haya wenyewe. Sheria ya kodi ya Kenya ya mwaka 1973 nayo iliandika, katika kifungu cha 45, kwamba mapato ya mke anayeishi na mumewe ni ya mume. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaanza upande mwingine: kila mtu anahesabiwa peke yake, isipokuwa wanandoa wenyewe wachague kwa maandishi wahesabiwe kama wenzi kwa mwaka husika. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kufunga ndoa hakubadili mali ya mtu kuwa ya mwingine. Aliyeandika hayo apewe heshima yake.

Tatizo letu halimo katika ukurasa, limo mtaani. Mtaani biashara haifuati ndoa wala sheria, inafuata TIN. Mke anataka kufungua duka la vipodozi, mume anasema tumia TIN yangu, ya nini kuhangaika foleni. Au kijana ana kibanda cha simu Kariakoo, leseni ina jina la mchumba wake kwa sababu yeye ndiye mwenye kitambulisho siku ile. Wanaishi, wanagombana, wanaachana. Meza inabaki kwa mmoja, jina linabaki kwa mwingine. Makadirio ya TRA yanaendelea kumwagika kila mwaka juu ya jina. Deni linafuata aliyesajiliwa, haliulizi nani alikula faida. Siku ofisa akiandika barua benki kwamba fedha zilizomo katika akaunti hii zishikiliwe, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamruhusu kumfuata hata mtu wa tatu anayeshika fedha za mdaiwa, anayekuta akaunti haina kitu ni yule mwenye jina, aliyekwisha kusahau hata rangi ya lile duka.

Tumeona wenyewe miaka ile ya kukaba akaunti za watu, hadi Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipowaambia hadharani TRA waache kutumia mabavu kwa wafanyabiashara. Agizo la mdomo ni zuri, lakini agizo halina kifungu, na aliyeliagiza akiondoka linaondoka naye. Marekani hawakuwaokoa watalaka wao kwa agizo. Waliandika.

Basi tunawataka wale wanaojiita wawakilishi wetu, wa chama tawala na hao wachache wa upande wetu, wapeleke mambo mawili bungeni. Kwanza, anayedaiwa kodi ya biashara iliyoendeshwa na mwenza au mtalaka wake awe na haki iliyoandikwa ya kuomba deni lipasuliwe, na akaunti yake isiguswe mpaka ombi lijibiwe, kama ambavyo IRS hairuhusiwi kukamata mshahara wa mwombaji wakati ombi lake linasubiri. Pili, mahakama inapotoa talaka na kugawa mali, igawe na madeni ya kodi kwa amri inayoifunga TRA, iliyoitwa na kusikilizwa siku hiyo hiyo. Hapo tutakuwa tumewapita walimu wetu wa utawala bora, ambao hadi leo hati ya talaka kwao ni karatasi ya kufungia karanga mbele ya mtoza kodi. Ile kesi ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, ambayo kila mwanafunzi wa sheria huijua, ilikwisha kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kama jasho la jikoni linahesabika katika kuchuma, basi na kutokuwepo mezani wakati fedha zinaliwa kuhesabike katika kudaiwa.

Wakati tunawasubiri waheshimiwa, mwenye TIN yake mikononi mwa mtalaka aende TRA kesho asubuhi akatoe taarifa kwa maandishi kwamba biashara ile haifanyi tena, apige muhuri nakala yake na kuitunza. Na mwenye ndugu majuu ampigie. Amwambie fomu 8857 haina ada. Amwambie sheria ile ile ya 1998 ilianzisha ruzuku kwa kliniki za walipa kodi wa kipato kidogo, ambazo hazimo chini ya IRS na humsaidia mtu bure au kwa fedha kidogo. Asiandike fomu peke yake usiku. Amwambie akikataliwa ana siku 90 tangu barua ya mwisho kwenda Mahakama ya Kodi, na ikipita miezi sita bila jibu anaweza kwenda bila kusubiri. Ada ya mahakama hiyo ni dola 60, na asiye nayo anaweza kuomba asamehewe. Na kama bado yumo ndani ya ndoa, mwisho wa kuwasilisha ritani huko ni tarehe 15 Aprili; amuulize mwenzake fedha zinatoka wapi kabla ya siku hiyo, akiwa bado ameshika kalamu.